Jicho la Bi Nukta Lilivyoruka

Inatangazwa kwa wote wanaohusika, na hasa kwa wasiohusika ambao ndio wenye maoni mengi, kwamba ule ugomvi wa wasomi juu ya hati zipi za kale za Kiyunani zimetunza vizuri zaidi maneno ya Agano Jipya, ugomvi uliong'oa nywele za maprofesa na kuchosha wake za wachungaji, umekwisha. Umekwisha siku ya Alhamisi, saa nne na robo asubuhi, ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi za nyumba. Aliyeumaliza ni mwanamke aliyeishia kidato cha pili, mpiga taipu, mke wa fundi viatu, ambaye siku hiyo alikuwa amevaa kiatu kilichoachia soli. Vyuo vikuu vinaombwa vifungue madirisha, vitoe vumbi, viendelee na mambo mengine.

Jina lake la kweli liko kwenye kadi ya kliniki na kwenye cheti cha ndoa. Kwingine kote anaitwa Bi Nukta, kwa sababu katika miaka thelathini na moja ya kupiga taipu wosia, talaka, barua za mapenzi za watu wasiojua kuandika na barua za kufukuzwa kazi za watu wasiojua kusoma, hakuwahi kusahau nukta hata moja. Siku moja alimkimbilia wakili hadi kituo cha basi, akamnyang'anya bahasha, akaifungua mbele za watu, akachomeka nukta kwa kalamu, akairudisha. Wakili alidhani anaibiwa.

Siri yake ilikuwa rula ya mbao, kingo zake zimeliwa kama biskuti iliyotembelewa na panya. Aliiweka chini ya mstari anaonakili, akaupiga mstari huo, akaishusha hadi mstari unaofuata. Jicho halikupata nafasi ya kutangatanga. Lakini mwezi wa tatu mtu mmoja wa ofisini aliiazima, "dakika tano tu, mama," na kufikia mwezi wa saba dakika hizo zilikuwa bado hazijaisha. Bi Nukta akawa anafuata mistari kwa macho matupu.

Ofisi yenyewe ilikuwa ya Kamati ya Kutafsiri. Ilikuwa na chumba kimoja kikubwa, meza tatu, kabati moja lisilofungika, mashine ya kudurufu iliyotema wino kama mtoto anayeota meno, na harufu ya rangi ya mafuta iliyopanda kutoka dukani na kuwafanya wanakamati waumwe kichwa, jambo ambalo wao waliliita uzito wa Neno. Kwa miaka tisa watu watatu walikaa humo wakiligeuza Agano Jipya kutoka Kiyunani, na Bi Nukta akilipiga taipu.

Wa kwanza alikuwa Daktari. Si wa sindano, wa vitabu. Nyuma ya mgongo wake aliitwa Kongwe, kwa sababu kila alipofungua kinywa alitaja hati kongwe. Wa pili alikuwa Mchungaji, ambaye kwa sababu kama hiyo aliitwa Wengi. Wa tatu alikuwa Baba Askofu mstaafu, mwenyekiti, mwenye umri wa miaka themanini na mbili, aliyesikia kwa sikio moja na kulala kwa yote mawili.

Ugomvi wa Kongwe na Wengi ulikuwa rahisi kuliko wao walivyotaka uonekane. Karatasi zilizoandikwa na mitume wenyewe zimepotea zote. Kilichobaki ni nakala za nakala za nakala, zilizoandikwa kwa mkono, na hazilingani. Kuna chache ambazo ni za zamani sana, na kuna maelfu ambazo ni za baadaye lakini zinakubaliana.

"Shahidi aliyeishi karibu na tukio ndiye wa kusikilizwa!" Kongwe alikuwa akipiga meza.

"Mashahidi elfu wanasema kitu kimoja," Wengi alikuwa akijibu, "wewe unawaita wazee wako wawili watatu, ambao hata wao kwa wao wanapingana! Wengi hawawezi kukosea, Daktari!"

"Wengi wakikosea pamoja bado wamekosea!"

"Na mzee akisahau je? Mzee si husahau?"

Hapo wote wawili walimtazama Baba Askofu, wakaona aibu, wakanywa chai.

Sasa kulikuwa na mstari mmoja katika waraka mfupi. Una sehemu mbili. Ya kwanza inasema habari za mtu anayemkana Mwana, kwamba huyo hana Baba. Ya pili inasema habari za anayemkiri, kwamba huyo anaye Baba. Kwa Kiyunani sehemu zote mbili zinaishia kwa maneno yale yale. Hati kongwe zinazo sehemu zote mbili. Zile nyingi za baadaye zina ya kwanza tu. Kongwe alisema ya pili ilipotea njiani. Wengi alisema iliongezwa na mtu mwenye kiherehere. Walibishana miezi minne. Mwishowe walipiga kura: wawili kwa mmoja, sehemu ya pili iingie. Baba Askofu aliunga mkono upande wa Kongwe, labda kwa hoja, labda kwa kuwa Kongwe ndiye aliyekuwa amekaa karibu na sikio linalosikia.

Bi Nukta akaupiga taipu waraka mzima kwenye stensili, ile karatasi ya nta ya kudurufia, akadurufu nakala arobaini, zikaenda makanisani zikasomwe. Baada ya wiki mbili Kongwe aliingia ofisini akiwa na nakala moja mkononi, uso umemvimba.

"Iko wapi?"

"Iko wapi nini, Daktari?"

"Sentensi yangu!"

Bi Nukta alichukua nakala, akatoa na daftari la Kamati lililoandikwa kwa mkono, ambalo ndilo alilonakili, akaviweka sambamba. Haikuchukua hata dakika moja. Katika daftari, sehemu ya kwanza iliishia pembeni mwa mstari mmoja, na ya pili ikaishia pale pale chini yake, kwa neno lile lile, Baba, kama pacha na pacha wamepanga kitanda cha juu na cha chini. Alikuwa amepiga ya kwanza, akageuka kutazama mashine, akarudisha jicho, likatua kwa pacha wa chini.

"Nimeruka," alisema.

"Umeruka nini?"

"Jicho limeruka, Daktari. Ndiyo kazi yetu ilivyo. Maneno yakifanana mwishoni, jicho linaruka kutoka hili hadi lile, na ya katikati yanabaki. Nisamehe. Nitapiga stensili mpya leo leo."

"Jicho halina mguu!" Kongwe alifoka. "Miaka thelathini na moja huruki, uje kuruka sentensi ile ile iliyopiganiwa miezi minne? Wewe si unaimba kwaya ya Mchungaji? Sauti ya pili? Nani kakutuma?"

Bi Nukta alimgeukia Mchungaji Wengi, akitegemea neno moja la kumtetea. Wengi alikuwa ameisoma nakala, na uso wake ulikuwa umeng'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga.

"Hakutumwa na mtu," alisema kwa unyenyekevu wa kutisha. "Ametumwa na aliye juu. Mashine imekataa kuandika kisichokuwemo."

Jumapili aliuhubiri muujiza huo kwa dakika hamsini.

Kwa hiyo ndani ya siku nne Bi Nukta akawa mhaini upande mmoja na nabii upande wa pili, na hakuna hata mmoja aliyekubali kwamba alikuwa mama wa miaka hamsini na minne aliyechoka macho. Kwenye kwaya nusu ya akina mama walimwachia nafasi kubwa ya kukaa, nusu nyingine waliomba awawekee mikono wajukuu wao.

Jumatano mchana alikwenda kwenye kibanda cha mume wake. Fundi alikuwa na misumari mitatu mdomoni na kiatu cha mtu gotini. Wifi yake, dada wa fundi, aliyekuwa akiuza vifungo na zipu kibanda cha pili, alichungulia.

"Karibu, nabii," alisema wifi. "Nina zipu hapa haifungi, ikemee."

"Niache, wifi. Kesho nafukuzwa kazi."

Fundi akatema misumari. "Waambie ni bahati mbaya."

"Nimewaambia. Wanasema nimefanya makusudi. Mmoja kwa ubaya, mwingine kwa utakatifu." Alikaa kwenye kigoda, akavua kiatu kilichoachia soli, akakitazama. "Kufukuzwa nitavumilia. Nitarudi kupiga talaka za watu. Lakini miaka thelathini na moja, baba, halafu nikumbukwe kama mwanamke aliyekata Maandiko kwa kutumwa? Nikizikwa waandike nini?"

"Waandike mume wake alikuwa fundi viatu," alisema wifi, "halafu watazame miguu yako wacheke."

Hata Bi Nukta alicheka. Fundi aliahidi kushona kile kiatu, kama alivyoahidi tangu Pasaka.

Alhamisi saa tatu Kamati ilikaa. Kongwe alikuwa ameandika barua ya kufukuza tangu jana, kwa mkono, imejaa mikato na mishale. Wengi hakupinga, maana nabii aliyefukuzwa kazi hufaa mahubirini kuliko nabii mwenye ajira. Baba Askofu alisema kwamba ikiwa hawa wawili wamekubaliana jambo kwa mara ya kwanza katika miaka tisa, yeye ni nani hata azuie. Barua ikasomwa. Ilisema hivi:

"Kamati imebaini kuwa mpiga taipu aliondoa maneno ya Maandiko Matakatifu bila idhini ya Kamati. Kwa hiyo anaachishwa kazi kuanzia leo, na haruhusiwi kugusa mashine, stensili wala karatasi bila idhini ya Kamati. Kamati inamshukuru kwa utumishi wake wa miaka tisa na inamwombea heri katika kila afanyalo."

"Una la kusema, mama?" aliuliza Baba Askofu.

Bi Nukta aliomba aione barua. Aliisoma polepole. Alipofika katikati alisimama kidogo, akarudi juu, akashuka tena, na pembe ya mdomo wake ikacheza. Jicho la mpiga taipu linaona mtego kama ulimi unavyoona jino lililotoboka.

"Sina la kusema," alijibu. "Ila kanuni za Kamati zinataka nakala tatu. Moja yangu, moja ya faili, moja ya makao makuu."

"Basi piga," alisema Kongwe, bila kufikiri.

"Nani? Mimi? Mimi siruhusiwi kugusa hata karatasi, Daktari. Umeandika mwenyewe."

Chini dukani mtu alikuwa akikoroga rangi.

"Tumieni karatasi ya kaboni, iandikwe mara moja tu," alisema Wengi.

"Kaboni iliisha Jumatatu, Mchungaji. Barua ya kuomba kaboni ipo mezani kwa Daktari, chini ya zile hati zake."

Kwa hiyo, baada ya miaka tisa ya kubishana juu ya wanakili, Kamati iliketi kunakili. Kongwe alianza, kwa kuwa barua ilikuwa yake. Alikunja mikono ya shati, akaandika kwa mwandiko mzuri wa kishule, huku Bi Nukta akiwasha jiko la kuchemshia chai pembeni, akimtazama mkono kwa jicho la wizi. Alisubiri. Kalamu ilipomaliza kuandika neno "Kamati" kwa mara ya pili, pale penye idhini, akauliza kwa upole:

"Daktari, chai ya maziwa au ya rangi?"

Kongwe aliinua kichwa. "Ya rangi. Sukari mbili." Akarudisha macho kwenye barua, akaandika, akaweka nukta, akatia sahihi yenye mkia mrefu.

Mchungaji Wengi akavuta kiti. Alitazama barua ya awali yenye mikato na mishale, akatazama nakala safi ya Kongwe, na kama mtu yeyote mwenye akili timamu na haraka ya kwenda msibani, akanakili ile iliyo safi. Baba Askofu alibakiwa na ile ya awali. Hakuwa na haraka ya kwenda kokote. Aliweka kidole cha shahada chini ya kila mstari, akaandika neno moja moja kama anapanda maharage, akamaliza chai ikiwa imepoa.

"Sasa zisomwe," alisema Bi Nukta, "ili tuhakikishe zinalingana."

Kongwe alisimama na nakala yake, akakohoa. "Kamati imebaini kuwa mpiga taipu aliondoa maneno ya Maandiko Matakatifu bila idhini ya Kamati. Kamati inamshukuru kwa utumishi wake wa miaka tisa na inamwombea heri katika kila afanyalo."

Baba Askofu aliweka mkono nyuma ya sikio zima. "Inamshukuru kwa nini? Kwa kuondoa Maandiko?"

"Hapana, ina..." Kongwe aliisoma tena kimya. Akaigeuza nyuma, kana kwamba maneno yamejificha upande wa pili. Rangi ya uso ikamhama.

"Mchungaji, ya kwako?" aliuliza Bi Nukta.

Wengi alisoma ya kwake. Ilisema vivyo hivyo. Hakuna aliyefukuzwa. Kamati nzima ilikuwa inamshukuru mwizi na kumwombea aendelee.

"Ya kwangu inasema amefukuzwa," alisema Baba Askofu, akiikagua kwa kidole.

"Basi tuna nakala tatu," Bi Nukta alisema, akijipangusa mikono kwa khanga. "Mbili zinasema sikufukuzwa, moja inasema nimefukuzwa. Mchungaji, miaka tisa nakupigia taipu kwamba wengi hawawezi kukosea. Hesabu basi. Mimi naendelea na kazi?"

"Haiwezekani!" Wengi aliruka kutoka kitini. "Hizi si mbili! Mimi nimenakili kwa Daktari! Yeye amekosea, na mimi nimelibeba kosa lake! Hata tungeandika elfu kutoka kwa hii, bado ni kosa moja la mtu mm..."

Akaketi tena. Alikuwa amesema mwenyewe, kwa sauti yake ya mimbarini, mbele ya mashahidi, kile ambacho Kongwe alishindwa kumwingizia kichwani kwa miaka tisa. Duka la chini lilikuwa limeacha kukoroga rangi. Inasadikiwa walikuwa wanasikiliza.

Kongwe akaanza kucheka. Alicheka hadi miwani ikamteleza. "Umesikia, Baba Askofu? Umemsikia? Elfu kutoka kwa moja ni..."

"Usicheke bado, Daktari," Bi Nukta alimkata. "Nani kakutuma?"

"Nini?"

"Sentensi umeitunga mwenyewe jana. Umeisoma kwa sauti leo. Unaitaka kuliko mtu yeyote humu ndani. Na umeiondoa kwa mkono wako, ukaweka na sahihi. Nani kakutuma? Unaimba kwaya gani?"

Kongwe alivua miwani. Aliitazama barua ya awali, akaona "idhini ya Kamati" juu na "idhini ya Kamati" chini. Akaweka kidole kwenye moja, akakihamisha kwenye nyingine. Alikuwa ameandika kitabu kizima juu ya kosa hili, lenye tanbihi mia tatu, na hakuwahi kulitenda akijua.

"Jicho limeruka," alisema kwa sauti ndogo.

"Jicho halina mguu, Daktari."

"Nisamehe, mama."

"Na hao wazee wako nao waliruka kwingine," aliongeza Bi Nukta, maana alikuwa amepamba moto. "Msidhani wa zamani walikuwa malaika. Waliandika wamechoka, wana njaa, na mtu anawauliza habari ya chai. Kila mahali mtazame karatasi, mwone jicho limerukia wapi. Msitazame kwanza nani mnamchukia."

Baba Askofu aliichukua barua ya awali na nakala zote tatu, akazikunja pamoja, akaziingiza chini ya jiko la chai, zikawaka vizuri. Kisha, akiwa macho kabisa, jambo ambalo kumbukumbu za Kamati hazikuwa zimelirekodi tangu mwaka wa pili, alitoa uamuzi: sehemu ya pili ya ule mstari inaingia, nakala arobaini zinarudishwa na kudurufiwa upya, Mchungaji anaurudia muujiza wake Jumapili mwanzo hadi mwisho akiueleza vizuri, na Bi Nukta haondoki.

"Kwa mstari huo nimekubali," alisema Wengi. "Kwa mingine tutakutana."

"Tutakutana," alisema Kongwe, na kwa mara ya kwanza wakapeana mikono bila kubanana vidole.

Habari ilishuka ngazi haraka kuliko watu. Muuza rangi alipanda na soda nne. Fundi viatu alifika na aproni yake, akidhani anakwenda kumfariji mke, akamkuta amekaa kiti cha mwenyekiti, soli imening'inia, Kamati nzima ikimhudumia. Wifi alisimama mlangoni akapiga vigelegele ambavyo duka la chini lilivijibu kwa kugonga makopo.

Baba Askofu aliinuka kwa fimbo yake, akaomba utulivu. Alisema kwamba leo mwanamke huyu amesimama pamoja na wanakili wote wasiojulikana wa karne zote, waliojikunja juu ya ngozi na karatasi wakati dunia imelala. Kwamba amewasafisha jina, amewapatanisha wasomi, ameirudishia Kamati akili yake. Kwamba wajukuu wa wajukuu watausoma mstari ule ukiwa mzima bila kujua wamshukuru nani. Wengi alijifuta macho. Kongwe alikuwa ameshika kalamu tayari kuandika kwenye kumbukumbu.

"Mama," alimaliza Baba Askofu, "tuambie neno moja lihifadhiwe milele."

Bi Nukta alimeza soda, akafikiri.

"Daktari anirudishie rula yangu."